Hivi kesho tukiambiwa serikali hakuna, kijijini tungeshindwa kuishi?

Mkorosho Mkongwe (Tandahimba):
Wakuu habari za jioni, nina jambo linanisumbua toka wiki iliyopita, naomba tulijadili bila matusi na bila vyama. Babu alituachia shamba la mikorosho, mpaka wetu na jirani ulikuwa mwembe, sasa ule mwembe ulishaanguka zamani ukakatwa kuni, jirani akawa anasogea taratibu mpaka kala safu mbili zetu anasema mpaka ndo ulikuwa hapo toka enzi. Ofisi ya kijiji nimeenda mara nne, mara mhusika hayupo, mara lete elfu ishirini ya wajumbe kwenda shamba. Basi mjomba mkubwa, na kwetu mnajua mjomba ndo mwenye neno, akaita wazee sita wakakaa chini ya mkorosho asubuhi asubuhi, akaitwa pia bibi mmoja wa miaka themanini na ushee ambaye usichanani mwake alikuwa anaokota korosho pale pale. Bibi katembea na mkongojo wake, kasimama, kachokonoa majani chini, kasema kisiki hiki hapa. Tukachimba kidogo, kweli kisiki cha mwembe. Saa tano yamekwisha, tumekula muhogo na chai na jirani mwenyewe anacheka.

Hakuna polisi wala mhuri. Wamakonde wa zamani hawakuwa na mfalme, kila chilambo, yaani eneo lao, na mkulungwa wake, yaani mzee mkuu wa pale, na maisha yalikwenda. Sasa serikali tunailipia nini hasa?

Dogo wa Mikindani:
Hahaha mkuu jitangazie nchi basi, sisi tuje kuomba viza. Kule Msimbati wakati wa mkoloni kuna mzee wa Kiingereza alijenga nyumba ufukweni akasema pale ni dola yake huru, unajua iliishaje. Tanganyika ikapata uhuru, na miaka ya baadaye naye akatolewa.

Bi Pweza (Kilwa):
Mwanangu Mkorosho nimekusoma, ila wazee wako wamemuweza jirani kwa sababu jirani hana pa kwenda. Kesho akifa atazikwa na nani? Ndo maana kacheka. Sasa niambie mtu wa baruti, anayelipua samaki. Anatoka anakojua mwenyewe na boti ya mashine, alfajiri unasikia tu puu, mkifika yeye keshaokota wa juu kaondoka, wamebaki samaki wadogo wanaelea tumbo juu na mwamba umekuwa kokoto, na mwamba ukishakuwa kokoto samaki harudi leo wala kesho. Huyo utamkalisha chini ya mkorosho gani?

Halafu nikupe na upande wako. Huku tunafunga mwamba wa pweza miezi mitatu, tumekubaliana sisi wenyewe, walinzi ni sisi na faini ni yetu, siku ya kufungua unatoka na pweza wa kilo tatu mpaka nne wakati zamani tulikuwa tunavua vya nusu kilo vya kuonea huruma. Hakuna waziri aliyekuja kutufundisha. Lakini ile sheria ndogo ina karatasi ya halmashauri nyuma yake, maana kabla ya karatasi walikuwa wanakuja wa vijiji vya mbali, ukiwasemesha wanakujibu bahari ya Mungu hii.

Mwalimu wa Historia (Nachingwea):
Mleta mada usichanganye utawala na dola. Babu zetu walikuwa na utawala, mila, fidia, hata kumtenga mtu, walichokosa ni dola, yaani watu maalumu wenye silaha na makusanyo ya kodi. Mwingereza Thomas Hobbes karne ya 17 alidai bila mkubwa mmoja wa kuogopwa watu wote watapigana na wote, lakini aliandika kwao kukiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, uwanda wa Makonde hakuuona.

Ila na wewe usitie sukari. Unadhani kwanini watu waliganda kule juu kwenye vichaka pasipo na maji, akina mama wanashuka bondeni wanarudi na mtungi kichwani? Walikuwa wanawakimbia wakamata watumwa na Wangoni. Kila chilambo na mkulungwa wake maana yake pia kila chilambo na shida yake. Hapo hapo usije ukadhani dola ndo ilikuja kutuokoa. Mjerumani alituletea akida na jumbe, watu wake wa kutusimamia, na pamba ya lazima, mwaka 1905 Wamatumbi wakaing'oa ile pamba pale Nandete, nao hawakuwa na mfalme, na vita ikaenea kusini yote. Walichofanya Wajerumani kuimaliza ni kuchoma maghala na mashamba, watu wakafa njaa. Hiyo nayo ilikuwa serikali.

Mkorosho Mkongwe:
Sasa mwalimu mbona unanisapoti mimi? Na Somalia serikali kuu ilianguka 1991 lakini watu waliendelea kutumia shilingi yao, wakafungua hadi kampuni za simu, kesi wakaamuliwa na wazee wa koo.

Bi Pweza (Kilwa):
Na meli za nje zikaja kuchota samaki wao bila kuuliza mtu. Hilo la samaki mimi naliangalia kwanza.

Kangomba Mstaafu (Masasi):
Ngoja niungame. Mimi nilinunua korosho kwa kangomba, yaani kinyemela kwa kupima na bakuli, miaka mingi. Mwezi wa pili watu ndani hamna kitu, mtoto anaumwa, nakuja na hela mkononi na bakuli langu, korosho ikiwa bado hata haijachanua tunakubaliana kwa hiari kabisa, msimu ukifika napima. Na bakuli nilikuwa najaza hivi, kwa kilima, mkono unazungushia pembeni ili zisidondoke. Ile hiari anayoisifia mleta mada mimi ndo nilikuwa naila. Mwaka 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka korosho ghalani anapewa risiti, na mizani, nikachukia mpaka nikaumwa. Lakini msiipambe sana serikali, 2018 ilinunua yenyewe kwa 3,300 kilo, jeshi likabeba, na kuna waliosubiri malipo mpaka wakaja tena kwetu kukopa. Kwa riba yetu ile ile.

Dogo wa Mikindani:
Mzee wewe ungefungwa 😂

Mkorosho Mkongwe:
Bi Pweza umenibana, jirani yangu kweli hana pa kwenda. Ila jana anko wa jirani kasema wana mpango wa kuuza lile shamba kwa mtu wa Dar. Huyo bibi hamjui, kisiki hakijui, na bibi mwenyewe juzi kalazwa presha. Nimeamua kutoa hiyo elfu ishirini niandikishe mpaka wakati bibi bado anaongea. Nimepiga ofisini asubuhi, mhusika yuko semina.