Kipato kimepungua, walaji hawajapungua: jiko la watu sita tuliendesheje?

Mshonaji wa Tabata ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, pamoja na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Tangu Januari kiwanda anachofanyia kazi mume wangu kimepunguza siku za kazi kutoka sita hadi tatu kwa wiki, na mshahara umepungua kwa kiasi hicho hicho. Mimi ninashona nguo nyumbani, lakini wateja nao wanavaa za mwaka jana.

Kwa wiki tatu nimekuwa nikiandika kila senti ya jikoni katika daftari. Nilitarajia kukuta nyama au mchele ndivyo vinavyotumaliza, kumbe nyama tuliiacha kitambo bila mtu kulalamika. Kinachokula fedha ni mafuta ya kula, ambayo ninayanunua ya kupima kila jioni, pamoja na mkaa wa kopo. Mtungi wa gesi wa kilo 6 tunao, ila umekaa mtupu kwa sababu fedha ya kuujaza haijapata kukusanyika kwa siku moja.

Ningependa kujua namna ya kupunguza mafuta na nishati bila kuwanyima watoto mlo wa jioni. La pili ni la aibu kidogo: nilipojaribu kupika ugali wa dona badala ya sembe, mama mkwe aliusogeza kando akasema huo ni unga wa shida, na yeye shida alishazimaliza zamani. Nifanyeje?

Mama Lishe wa Ilala amejibu:

Pole, dada. Mimi ninapika chakula cha kuuza, kwa hiyo mkaa ninaujua kama ninavyoijua sura yangu. Maharage ndiyo yanayokumalizia mkaa. Ukiyaloweka usiku kucha, ukayamwaga yale maji na kuyachemsha kwa maji mapya, muda wa jikoni unapungua sana. Tena usichemshe ya siku moja. Chemsha kilo nzima bila chumvi wala kiungo, gawa mafungu matatu, na kila siku unaunga fungu moja: leo kwa tui la nazi, kesho kwa nyanya na kitunguu, keshokutwa uyaponde uyale na chapati au muhogo. Kama huna friji, usizidishe siku mbili, na asubuhi na jioni uyachemshe tena hadi yatokote, kwa maana joto la Dar halina subira.

Siku ambazo mkaa ni kidogo pika choroko, kwani huiva mapema kuliko maharage. Wali nao hauhitaji kukaa motoni hadi mwisho. Maji yakikaribia kukauka, funika sufuria vizuri, izungushie blanketi kuukuu, uiweke ndani ya kapu au boksi lililojaa matambara. Nusu saa baadaye utaukuta umeiva wenyewe. Wateja wangu hawajawahi kutambua tofauti.

Kuhusu mafuta, tuseme ukweli: mapishi mengi tunayatia mafuta kwa mazoea. Mboga iliyoungwa kwa nazi au karanga za kusaga haihitaji hata tone. Dagaa wa Mwanza wakaange vikavu kwenye kikaango hadi wanukie, kisha watie nyanya, kitunguu na ndimu. Chipsi na maandazi ya nyumbani ndiyo ya kuacha kwa sasa, hata watoto wakinuna.

Kijana wa Mbagala amejibu:

Ninakubaliana na Mama Lishe, ila naomba tusimwambie dada anunue kwa jumla, ushauri ambao hutolewa kwa wepesi mno na watu wenye mshahara wa mwezi. Anayepata fedha kwa siku hununua kwa siku. Anafahamu fika kuwa kipimo kidogo ni ghali, lakini hana namna.

Mafuta yetu yana historia yake. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunayotumia nchini huagizwa kutoka nje, hasa ya mawese, na alizeti ya Singida na Dodoma haijatosha kuziba pengo. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga biashara ya alizeti na Indonesia ikazuia kuuza mawese nje kwa wiki kadhaa kati ya Aprili na Mei, tulihisi hadi kwenye kibaba cha Mbagala. Mwaka huo huo serikali ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kwa ajili ya mafuta ya magari, lakini ya kikaango yalibaki juu ya mabega yetu.

Sisi hapa mtaani tulichanga nyumba nne tukanunua dumu la lita 20, kila nyumba ikachukua lita 5. Gesi nayo tuliifanyia upatu: kila Jumamosi tunachangia kidogo, na zamu ikifika kwako, mtungi wako unajazwa. Sharti letu ni moja, fedha inapelekwa dukani moja kwa moja na haipiti mkononi mwa mwenye zamu.

Mstaafu wa Tanga amejibu:

Mwanangu, nadhani ninamwelewa mama mkwe wako. Baada ya vita vya Kagera kumalizika mwaka 1979, Mwalimu Nyerere alituomba tuvumilie miezi 18. Tukavumilia miaka. Fedha za kigeni hazikuwepo, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na mazao tuliyokuwa tukiuza hayakuleta kitu. Tulipanga foleni katika duka la ushirika kwa ajili ya sukari na sabuni, na sabuni ilipokosekana tulifulia majani ya mpapai. Unga uliofika ulikuwa wa mahindi ya njano kutoka Marekani, tukauita yanga kwa rangi ya ile timu. Aliyeyapitia hayo akiwa na watoto wadogo hawezi kuona ugali usio mweupe akafurahi.

Marehemu mke wangu alinichanganyia dona na sembe, mwanzoni robo kwa robo tatu, akaongeza kidogo kidogo, wala sikujua hadi aliponiambia mwenyewe. Usinunue dona nyingi kwa pamoja, kwani kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake huchacha upesi. Pia panda matembele kwenye gunia la udongo hapo uani, yanashika kwa kipande cha shina tu. Kisamvu nacho ni rahisi, lakini kitwangwe na kuchemshwa sawasawa, maana kibichi kina sumu.

Mshonaji wa Tabata:

Shikamoo, mzee, nanyi wengine nawashukuru. Jana nilichanganya dona robo. Mama mkwe alikula, akauliza kwa nini ugali una harufu nzuri, nikamwambia ni mkaa mpya. Majirani wawili wamekubali dumu, tunamtafuta wa nne. Swali kwa Mama Lishe: maharage niliyoloweka yalitoa povu na harufu kabla ya alfajiri. Je, yameharibika?

Mama Lishe wa Ilala:

Yalianza kuchachuka kwa joto, dada. Kama harufu ni kali au yanateleza mkononi, yamwage. Leo loweka saa mbili usiku badala ya alasiri, na ubadilishe maji kabla ya kulala.