Jina la faili: tarehe ianze au mada ianze?

Katibu_Kikoba:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikoba chetu mtaani. Juzi mwenyekiti kaomba muhtasari wa kikao cha Agosti, kile tulichopandisha bei ya hisa. Nafungua laptopu nakuta: "muhtasari mpya", "muhtasari mpya 2", "muhtasari FINAL", "muhtasari final kabisa" na "DOC-20240810-WA0004". Wanachama wamekaa wananitazama, mimi nafungua moja baada ya nyingine. Uliokuwa sahihi ni ule wa WhatsApp!

Sasa nataka utaratibu mmoja. Kuna tarehe mwanzoni, mada mwanzoni, au folda ya kila mwezi. Nyie mnatumia upi?

Mwl_Kiswahili:
Mada mwanzoni, bila kufikiri mara mbili. Nikitaka noti za ngeli natafuta "f2_ngeli", nani anakumbuka aliziandika lini? Ila namba weka na sifuri: somo_02, siyo somo_2. Kwenye Windows utaona 2 inatangulia 10 vizuri tu, lakini kuna vifaa vinavyosoma herufi kwa herufi, na huko somo_10 linakaa juu ya somo_2. Mimi nilizindukia darasani, projekta imeshawaka.

Dada_Steshenari:
Mada peke yake haitoshi. Hapa dukani wateja wananiachia faili, na kila moja inaitwa "CV mpya". Mpya ya nani? Mwaka gani?

Halafu katibu, usije ukaandika 10/08/2024. Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili, wala nukta pacha, wala alama ya kuuliza. Tumia kistari.

Mstaafu_Masjala:
Wanangu, masjala hatukutafuta jalada kwa kukumbuka. Lilikuwa na namba yake, na kila karatasi ndani ina folio yake, yaani namba ya karatasi. Anayeingia leo na aliyeingia miaka kumi nyuma wote wanalipata.

Kwa mihtasari, tarehe ianze, na iwe mwaka, mwezi, siku: 2024-08-10. Ndio mpangilio wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, upo tangu 1988. Ukitanguliza siku, vikao vyote vya tarehe 10 vitarundikana pamoja, vya Machi na vya Novemba. Ukitanguliza jina la mwezi ndiyo balaa: itakuja Agosti, Aprili, Desemba, Februari, ndipo Januari.

Mwl_Kiswahili:
Shikamoo mzee. Kwa mihtasari nimekubali, kikao bila tarehe si kikao. Kwa noti sikubali.

Mstaafu_Masjala:
Marahaba mwalimu. Wala sikulazimishi. Hata katiba ya kikoba mimi ningeanza na mada: katiba_v01, katiba_v02. Hilo neno "final" ndilo mlipige marufuku. Hakuna hati isiyorekebishwa.

Dada_Steshenari:
Na folda za miezi achana nazo. Katiba mmeirekebisha Machi, mnaitumia mwaka mzima, utaiweka mwezi gani? Fungua folda tatu: mihtasari, fedha, katiba. Ukizidisha hapo utaanza kutafuta folda badala ya faili.

Katibu_Kikoba:
Asanteni sana. Nimeanza hivi:

2024-03-09_muhtasari_mikopo
2024-04-13_muhtasari_uchaguzi
2024-08-10_muhtasari_kupandisha-hisa

Zimejipanga zenyewe, sijagusa kitu. Mzee, kikao kilichoahirishwa naandika tarehe ipi?

Mstaafu_Masjala:
Siku mliyokaa. Ile mliyoahirisha itajwe ndani ya muhtasari.

Katibu_Kikoba:
Sawa mzee. Mweka hazina naye kanitumia hesabu za mwezi sasa hivi. Faili inaitwa "hesabu mpya (3)".