Komedi za mapenzi za pwani: tuwekeane sharti la kasti?

Mleta mada, Bagamoyo
Academy ya Marekani, watoaji wa Oscar, walitangaza mwaka 2020 masharti ya ujumuishi kwa filamu zinazowania tuzo ya filamu bora, yakaanza kubana kwenye tuzo za 2024. Masharti ni manne, filamu itimize mawili. La waigizaji mnaweza kulitimiza kwa kumpa nafasi kubwa mtu wa kabila au rangi isiyoonekana sana, au kwa asilimia 30 ya nafasi ndogo kwenda kwa makundi yaliyoachwa nyuma. Nasi tuige? Stelingi wetu wa kike ni yule yule: mweupe, mwembamba. Mweusi tii ni shoga yake, mnene ni mpishi, hausigeli ana lafudhi ya bara ili watu wacheke. Mimi nasema tuige.

Mpiga taa, Bagamoyo
Sharti bila taa ni kazi bure. Maabara za Kodak zilikuwa zikilinganisha rangi ya ngozi kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, wakiziita kadi za Shirley, na sisi bado tunapiga picha kana kwamba kadi hiyo iko mfukoni. Chukua ukuta mweupe wa Mji Mkongwe saa saba mchana, kijana mweusi kavaa kanzu nyeupe. Kamera ikiwa kwenye oto inapima fremu nzima, inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga. Unabaki na kivuli chenye meno. Zima oto, pima uso, ukuta uache uungue kidogo. Ukuta hauna maneno ya kusema.

Wapenzi wawili wa rangi tofauti ndipo wengi wanapokwama, wanaongeza taa na yule mweupe anapauka. Usiongeze. Msogeze mweupe nyuma: taa ndogo, tupu, isiyo na kitambaa mbele, ikiwa mita 1 kutoka kwa mweusi na mita 1.4 kutoka kwa mweupe, mweupe anapata nusu ya mwanga. Piga chaki sakafuni, maana wakigombana na kubadilishana pande hesabu yote imekwenda. Kwa mweusi, poda isiyo ya rangi yake hugeuka majivu. Jasho lifute kwa kugusa tu, mng'ao kidogo ubaki, na shuka jeupe lisimame ubavuni lirudishe mwanga shavuni.

Mwandishi wa skripti, Tanga
Kaka, la taa nimekubali. Ila komedi ya mapenzi ina ukatili wake: anayechekwa hapendwi. Hesabu kwenye skripti nani anaanzisha utani na nani ndiye utani wenyewe. Kisha futa lafudhi. Kama hakuna kinachochekesha tena, basi hakikuwepo tangu mwanzo.

Mfano, mshenga Msambaa kapeleka posa kwa Wadigo. Toleo la kivivu: anakosea Kiswahili, wazee wanacheka. Toleo la pili: wazee wananong'onezana kwa Kidigo mahari watakayoridhika nayo, mshenga anakunywa kahawa kama hasikii, kumbe miaka ya kuuza mboga sokoni Tanga imemfunza Kidigo chote. Anataja kiasi kile kile, shilingi kwa shilingi. Sasa wanaochekwa ni wazee, na mhariri akae kwenye uso wa mshenga, asikimbilie kwa stelingi.

Prodyuza, Tanga
Kasti yangu ya nafasi ndogo ni watu 6. Asilimia 30 ni mtu 1.8. Huyo nukta nane nimtoe wapi? Mteja ananunua sura anayoijua.

Mleta mada
Crazy Rich Asians, komedi ya mapenzi ya Hollywood ya 2018, ilitengenezwa kwa dola kama milioni 30, ikaingiza zaidi ya milioni 230 duniani, wakuu wote Waasia.

Prodyuza
Nyuma yake kulikuwa na kitabu kilichouzika na studio kubwa, Warner Bros., ya kuitangaza. Na The Joy Luck Club, filamu ya Hollywood iliyotangulia kuwa na wakuu Waasia, ilitoka 1993. Miaka 25 katikati, mlango haukujifungua wenyewe.

Mwandishi wa skripti
Ndiyo maana mwenzio anataka sharti, bosi! Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ina Yasmin wa Kihindi anayempenda Denge, Zanzibar. Si komedi. Kwenye komedi zetu Mhindi yuko nyuma ya kaunta ya duka tu, na sisi tuko Tanga!

Mleta mada
Basi naondoa asilimia. Kila skripti isomwe kwa sauti mbele ya watu watatu wa jamii inayotaniwa, kabla ya kukodi kamera. Wakinyamaza kwenye utani, sini inaandikwa upya.

Prodyuza
Na chai ya hao watatu nalipa mimi?