Biti ya farasi: chuma ndio kali ama ni mkono?

FarasiWaNax
Wadau habari za jioni. Niko hapa Nakuru, niko na farasi wawili wa kubeba watoto wikendi na sikukuu, raundi moja mia. Jumapili iliyopita kuna mama alileta kijana wake, akapanda vizuri, akazunguka, akashuka anacheka, halafu mamake akainama akaangalia mdomo wa farasi na hapo ndio balaa ilianza. Ati hiyo chuma ya mdomoni, ile tunaita biti, ni ya kutesa, ati mnyama anaumia na mimi nakula jasho lake, simu ikatoka akaanza kurekodi, watu wakajaa, na unajua watu wakijaa hivyo hakuna mzazi atapandisha mtoto tena. Nilirudi nyumbani hata pesa ya nyasi haijafika.

Sikumjibu vibaya juu kusema ukweli sikua na jibu. Huyu jike nilimnunua akishastaafu polo, ule mchezo wa kupiga mpira na fimbo ukiwa juu ya farasi, kule Gilgil, akaja na biti yake, ile iko na mikono mirefu kando na kamnyororo kanapita chini ya kidevu. Sikubadilisha, nikasema kama ndio amezoea basi. Huyu mwingine ni dume, ndio anaingia miaka 5, yake nilichomelewa na fundi wa jua kali, nondo mbili zimeshikana katikati kama bawaba, ringi moja kila upande, imeisha. Sasa cha kushangaza huyu wa biti kubwa ametulia kama maji ya mtungi, huyu wa biti ndogo ndio hurusha kichwa na kupanua mdomo kila saa.

Nauliza wenye wameshika farasi kweli, si wa kuona kwa simu. Gani hapo ndio ya ukatili? Ama nitoe chuma zote niweke ile kamba ya pua naona wazungu wakitumia?

Saisi Mstaafu
Kijana wangu, nimelisha na kutandika farasi miaka 22, kwanza za mbio Ngong halafu za polo hapo Gilgil, wacha nikueleze polepole.

Hiyo ya dume inaitwa snafeli. Ukivuta kilo moja mdomo unapata kilo moja, hakuna kuzidishwa. Inakaa kwa ulimi, kwa pembe za mdomo na kwa ule mwanya wa ufizi ambao hauna meno, kati ya meno ya mbele na magego. Hapo ufizi ni mwembamba, chini yake ni mfupa mara moja, weka kidole uskie.

Hiyo ya jike ni pelamu, na pelamu ni wenzo. Chukua rula. Pima kutoka chuma ya mdomoni kwenda juu pale ukanda wa shavu umefungwa, halafu pima kushuka mpaka ringi ya chini kabisa. Tuseme juu ni sentimita 4 na chini ni 12, ukivuta hatamu ya chini huo mnyororo unabana kidevu karibu mara tatu ya nguvu ya mkono wako, na nyuma ya masikio pia anavutwa chini. Mchezaji wa polo anaitaka hivyo kwa sababu mkono mmoja uko na fimbo na mwingine ndio uko na hatamu zote, na farasi yuko mbio, lazima asimame kabla hajagonga mwenzake. Mtu anayejua anasogeza vidole tu. Mnyororo wenyewe lazima ulazwe flati, ukijipinda unakata.

Lakini chuma haina dhambi. Kisu cha mpishi na cha mwizi vyote ni kisu. Mkono ndio mkali, biti ni biti tu. Jike wako ametulia kwa sababu alifunzwa na watu wenye mkono mwepesi.

Bosi wa Section 58
Huyo mama akitoka hapo anaenda kula kuku wa kufungiwa maisha yake yote. Piga kazi buda.

Mkokoteni wa Kondele
Omera pole sana. Mimi ni mtu wa punda huku Kisumu, nabeba maji na mchanga. Sisi punda hatuwekangi chuma mdomoni, ni kamba ya kichwa peke yake, lakini usidhani ati ndio tuko na huruma kukushinda. Nimeshaona punda kamba ya nailoni imemla pua mpaka kidonda kikaingia nzi, mwenyewe anaimwagia oili chafu ya gari na kesho anamfunga tena hapo hapo. Kwa hivyo hiyo kitu ya kamba ya pua, kabla ununue angalia ni ya aina gani na inakaa wapi. Wangu siku hizi nimemfungia ukanda mpana wa ngozi na ndani nimeshonea kitambaa cha blanketi.

Dkt Njoro
Huyu wa Kondele ameongea kitu cha maana sana. Kuna hizo za pua ziko na mikono ya chuma kando na mnyororo chini kama hiyo pelamu, kwa hivyo ni wenzo pia, tofauti ni kwamba zinabana pua. Na ukiifunga chini sana inakalia pale mfupa wa pua unaishia, ni mwembamba hapo, na unaweza kumsumbua kupumua.

Mzee Saisi heshima zako, hesabu yako ya wenzo iko sawa kabisa. Ila hiyo ya "mkono ndio mkali" mimi huwa nasikia kila nikiitwa kuangalia farasi mwenye mdomo umepasuka, na mara nyingi anayeisema ndiye alikua ameshika hatamu. Haya tukubali ni mkono. Ni mkono wa nani hapa? Ni wa mtoto wa miaka 6 ambaye akiogopa anashikilia kamba ya kwanza anayoiona na kuning'inia nayo, halafu anakuja mwingine, na mwingine, tangu saa nne asubuhi mpaka jioni. Mkono hauwezi kuuchagua wala kuufunza kwa raundi moja ya dakika tano. Kitu unachoweza kuchagua ni chuma.

Na jike kutulia hakunishawishi. Farasi wengine wakiumia wanarusha kichwa, wengine wanazima tu. Angalia pembe za mdomo kama kuna makovu au nywele nyeupe zimeota hapo, angalia chini ya kidevu kama ngozi imekua ngumu.

Sasa huyo dume, mimi ndiye ananitia wasiwasi zaidi. Mwenye farasi, fanya hivi kesho asubuhi:

Toa hiyo nondo, uoshe, upitishe soksi ya nailoni juu yake yote. Mahali soksi itanasa ndio ulimi hunasa. Fundi wa kuchomelea anaangalia kama imeshika, hajui kitaenda mdomoni. Pale kwenye bawaba angalia kama kuna nafasi ya kubana nyama.

Upana nao. Ikiwa mdomoni ibaki kama nusu sentimita kila upande, si zaidi sana. Ikiwa ndefu inapepea na hiyo bawaba inainuka kupiga kaakaa.

Halafu meno. Kuna kajino kadogo huota mbele tu ya gego la kwanza, sana sana taya la juu, si farasi wote wanako, biti ikikagusa anarusha kichwa hivyo hivyo unavyosema. Tena kwa umri huo dume ndio anaotesha meno ya chonge. Na magego ya farasi yanazidi kutoka maisha yake yote, kingo zinakua kama msumeno zinakata mashavu kwa ndani, mara moja kwa mwaka mtu anafaa kuyapiga tupa. Usijaribu mwenyewe tafadhali, na usikubali mtu aje na koleo.

Na kama huyo mama wa kurekodi atakuripoti, sheria ya ukatili kwa wanyama ni Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inaongea juu ya kumtesa mnyama bila sababu na kumfanyisha kazi akiwa hafai kazi. Kwa hivyo ukipata kidonda mdomoni, wikendi hii asiende. Najua ni mkate wako.

Saisi Mstaafu
Daktari hapo kwa mtoto umenishika. Mimi nilikua nafikiria mpandaji. Nami niongeze, kijana, wakati unazungusha mtoto si wewe unamvuta farasi na kamba? Basi hatamu za mtoto zina kazi gani kwa biti? Mvalishe kofia ya kamba ile ya kawaida, ya kufunga kichwani bila chuma mdomoni, hatamu za mtoto zifunge kwa ringi za hiyo kofia, atavuta mpaka achoke. Wewe ndio breki. Lakini kwanza mzungushe nyumbani siku kadhaa bila mtoto uone kama anakuskia.

FarasiWaNax
Nimerudi na siko na furaha. Soksi ilinasa mahali pawili, hapo kwa bawaba ikararuka kabisa. Ulimi wa dume uko na alama upande wa kushoto, si kidonda kikubwa lakini iko. Hiyo biti nimeirusha kwa pipa la vyuma chakavu. Daktari wa mifugo wa huku kwetu alikuja jana akapata hako kajino, kako kama punje ya mahindi, amesema atakatoa wiki ijayo na dawa ya kutuliza, hiyo jana alipiga magego tupa tu. Dume amepumzika, na pesa nayo imepumzika.

Jike hana makovu mdomoni, chini ya kidevu ndio kuna ngozi ngumu kama kisigino. Sikuwahi kuinama kuangalia hapo miaka miwili yote. Nimemfanyisha mazoezi na kofia ya kamba kutoka Jumatatu, kitu pekee ameharibu ni kwamba sasa akiona nyasi anainamisha kichwa anakula, zamani hakua anathubutu. Jumapili alibeba watoto 14, mmoja alivuta hatamu mpaka akalala nyuma na farasi hakujua hata kama kuna kitu.

Yule mama sijamuona tena.

Saisi Mstaafu
Muache ale kidogo, halafu umvute. Hiyo pelamu usitupe kama ile ingine, pima upana uniambie. Kama ni sentimita 13 kuna kijana wa polo anaitafuta.