Huyu dada dairekta wa Bangladesh, nani anamfahamu vizuri?

MuuzaBelo
Wakuu habari za jioni. Mi nauza tisheti za mtumba, lebo ya "Made in Bangladesh" naiona kila siku mpaka nimeizoea kama jina la jirani, sasa juzi jamaa kaniwekea muvi kwenye flashi inaitwa hivyohivyo, Made in Bangladesh, nikajua ni dokumentari ya viwanda kumbe stori kabisa. Binti anaitwa Shimu anashona kiwandani Dhaka, moto unatokea mwenzake anafariki, basi anaanza kuhangaika kusajili chama cha wafanyakazi, huku wizara wanamzungusha, kule nyumbani mume kanuna. Kuna mahali anaambiwa tisheti mbili tatu anazoshona yeye, zikishauzwa huko nje, ndo mshahara wake wa mwezi mzima. Daah, nikasimamisha muvi nikaliangalia belo langu pale kona.

Swali langu, dairekta ni mwanamke, Rubaiyat Hossain. Ni nani huyu? Bollywood? Na hela anatoa wapi maana muvi yenyewe haina ngumi wala watu kucheza kwenye mvua.

Bi_Sabtaito
Bollywood tena jamani 😂 Bollywood ni Mumbai na Kihindi, huyu ni Mbengali wa Dhaka. Wabengali wako pande mbili, Bangladesh na kule West Bengal ya India kwenye mji wa Kolkata, na usije ukawaambia lugha yao ni Kihindi, watu walipigwa risasi Dhaka tarehe 21 Februari 1952 wakidai Kibengali chao, ndo tarehe hiyohiyo dunia inaadhimisha siku ya lugha mama.

Kasoma Marekani, Smith College alichukua masomo ya wanawake, baadae University of Pennsylvania masomo ya Asia Kusini. Muvi yake ya kwanza ndefu ni Meherjaan, 2011, na hapo ndo alipojua utamu na uchungu wa hii kazi. Bangladesh ilijitenga na Pakistan kwa vita 1971, vita mbaya, wanawake wengi mno walibakwa na wanajeshi. Sasa yeye akaja na stori ya binti wa Kibengali aliyempenda mwanajeshi wa upande wa Pakistan, Mbaluchi (kabila moja la huko Pakistan) aliyegoma kuua raia. Akamchukua mpaka Jaya Bachchan, yule mwigizaji mkubwa wa India, acheze yule binti akiwa mtu mzima. Nchi ikawaka! Magazetini, mtandaoni, wazee wa vita, kila mtu, siku chache tu msambazaji akaitoa kwenye majumba ya sinema. Nimeiona, kusema kweli kama muvi ina udhaifu, inapendeza mno macho kuliko jambo inalolisema. Ila kuiondoa hapana.

Kipanga wa Tandale
Ngoja niharibu sherehe kidogo. Huyo dairekta mnayemsifu baba yake alikuwa mfanyabiashara na waziri. Shimu wa kweli hawezi kutengeneza muvi, anaweza kutengenezewa tu. Mi sijaona ajabu hapo.

Bi_Sabtaito
Kipanga, la baba ni kweli na Dhaka walimsema sana kwa hilo. Lakini mtoto wa waziri angeweza kukaa anatengeneza mapenzi ya watu wa maghorofani mpaka leo, nani angemuuliza? Fuatilia muvi zake kwa mpangilio, usichukue moja. Ya pili ni Under Construction, 2015, mwigizaji wa jukwaani anaitwa Roya, miaka thelathini na kitu, yuko kwenye mchezo wa Tagore, yule mwandishi mkubwa wa Kibengali, anaambiwa umri umeenda apishe wadogo. Nyumbani kwake ana dada wa kazi, Moyna. Huyo Moyna anapata mimba, anaondoka, anaenda kushona kiwandani. Na ndani ya muvi hiyo lile jengo la Rana Plaza linaanguka, 24 Aprili 2013, watu zaidi ya 1,100 walikufa, wengi mafundi wa cherehani.

Sasa sikiliza. Yule aliyecheza Moyna, Rikita Nandini Shimu, ndo huyohuyo aliyecheza Shimu kwenye muvi ya MuuzaBelo. Yaani kamera ilikuwa sebuleni kwa bosi, dada wa kazi akatoka mlangoni na begi lake, na muvi iliyofuata ikamfuata yeye ikamwacha bosi. Mi hapo ndo nilipomkubali huyu mama.

Kipanga wa Tandale
Hiyo ya dada wa kazi sikuigundua. Sawa, nimekaa.

mtoto_wa_editi
Swali la hela halijajibiwa. Ya tatu, hiyo Made in Bangladesh, imechangiwa na maprodyuza wa Ufaransa, Denmark na Ureno pamoja na upande wa Bangladesh, kila mmoja anakuja na fungu lake na masharti yake, mimi nimewahi kufanya editi ya kamradi kadogo ka namna hiyo, makaratasi ni mengi kuliko fremu. Mpiga picha ni mwanamke pia, Sabine Lancelin, angalia zile rangi za kiwandani, mtu mwingine angepaka kijivu kila kona ili tuwahurumie, yeye kaacha nguo zing'ae vilevile mabinti wanavyovaa. Na stori imetokana na maisha ya mfanyakazi wa kweli wa kiwandani, Kipanga hiyo nayo uihesabu.

Kinachoniuma, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto kule Kanada 2019, kwao Bangladesh ikaingia sinema 2022.

MuuzaBelo
Asanteni sana aisee, Bi Sabtaito umenifungua macho, naenda kuirudia na mama watoto maana alilala mwanzoni kabisa. Hiyo Under Construction mwenye nayo anirushie. Na ya Shimu hapa nikiitafuta kwa jina la Made in Bangladesh zinakuja video za viwanda tu.

mtoto_wa_editi
Andika Shimu, kwao ilitoka kwa jina hilo.