Mrejesho: U-bolti za springi zilizokuwa zikilegea

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini U-bolti (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) za springi za nyuma za pikapu yangu hulegea kila nikibeba mchanga, hata zikikazwa vipi. Mliniambia niache kukaza, nitafute mpya. Mlikuwa sahihi kabisa, asanteni sana.

Tulizifungua Kirinyaga Road, Nairobi. Fundi akaiweka moja ya zamani kando ya mpya, na hapo ndipo nilipoona: karibu na nati nyuzi zilikuwa zimevutika, zimeachana, na nati mpya ikagoma katikati. Chuma kikishavutika hivyo hakishiki tena. Senta bolti, ile ya katikati inayoshika majani ya springi pamoja, nayo ilikuwa na ufa. Nilishtuka, maana ingekatika, ekseli ingehama barabarani.

Mtu mmoja alitaka kunikunjia nyingine kwa moto, bei nusu. Nilikataa. Bolti ya 8.8 (daraja la nguvu za chuma chake) hupata nguvu zake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani; ukiipasha ovyo unaiua. Nilichukua za 8.8 na nati zake zenye chapa ya 8, mkunjo wa duara unaolalia ekseli, baada ya kupima unene, upana wa ndani na urefu wa miguu.

Tulikaza kwa mkingamo, yaani nati moja kisha ile ya pembe iliyo mkabala, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu.

Baada ya kilomita 200 nilirudi kuzikaza, nati zikaenda kama robo mzunguko. Jana nimetoka Machakos na mchanga, nikazikagua tena: hazijasogea.