Mifumo ya hospitali isomane: tuanze na nyaya au na maana ya maneno?

Wakuu, mama yangu alipewa rufaa mwaka jana. Hospitali ya kwanza ilijaza "presha" kwenye mfumo. Ya pili ikapokea "presha" hiyo hiyo, bila kujua ni ya kupanda au ya kushuka. Taarifa ilifika, maana ikabaki njiani, tukaanza vipimo upya.

Dawa yake ni ontolojia: kamusi inayosomwa na mashine, inayoeleza kila ugonjwa ni nini na uko chini ya nini. Chukueni TB. ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), imeiweka kwenye maambukizi, kwa misimbo A15 hadi A19, wakati sura ya upumuaji ni ya herufi J. Ukitafuta wagonjwa wa mapafu kwa J, wa TB hawamo! SNOMED CT, kamusi nyingine ya kitabibu ya kimataifa, inaihesabu TB ya mapafu kuwa maambukizi na pia ugonjwa wa mapafu. Nasema wizara ilazimishe kamusi moja, kwa serikali na binafsi.

Tabibu wa zahanati: SNOMED CT ina dhana zaidi ya 350,000. Mimi niko peke yangu na foleni imefika nje. Mkinilazimisha nitabofya B54, msimbo wa ICD-10 wa malaria isiyotajwa aina, niite anayefuata.

Mleta mada: Kamusi yote huioni, mkuu. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza 2004 na ikakulia Eldoret, huipa dhana moja majina mengi. Unaandika jina ulilozoea, mashine inashika dhana. Ndivyo parasetamoli na asetaminofeni ya Wamarekani zinavyojulikana kuwa dawa moja, mtoto asipewe mara mbili.

Mtunza kumbukumbu: Kamusi naikubali, ila SNOMED nchi hulipia uanachama. ICD-11, toleo lililofuata ICD-10 na lililoanza kutumika Januari 2022, ni bure, na katika msingi wake ugonjwa unaweza kuwa na wazazi wawili. Halafu degedege mtaiweka wapi? Inaweza kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo au kifafa.

Mleta mada: Kwenye gharama umenishinda, tuanze na ICD-11. Degedege iingie kama dalili, na neno la mama libaki kwenye faili kama alivyolitamka, daktari wa rufaa alikute. Lakini lazima ibaki lazima. Kila hospitali ikijichagulia kamusi yake, mgonjwa ataendelea kubeba bahasha ya vipimo mkononi.

Tabibu wa zahanati: Basi mniongezee mtu mmoja wa kuingiza taarifa. Hapo nitakuunga mkono.